Mazungumzo na Benite Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 12 Mei.
Mke wangu Consolée kavuka mpaka kwenda Uvira kuuza vitenge vyake. Kaniachia kazi moja: nizungumze na binti yetu Benite, polepole, kabla mama yake hajarudi Ijumaa. Mtoto ana miaka kumi na miwili. Tangu wiki jana hataki kwenda shule peke yake, hamalizi chakula, mlango ukigongwa anaruka. Kuna video ilizunguka kwenye simu za darasa lao: umati unampiga mtu. Watoto hao! Nikamwambia mke wangu aende kwa amani. Mimi Birindwa, fundi cherehani niliyewatuliza mabwana harusi wakorofi wa mtaa mzima wa Musaga, nitashindwa na kasichana?

Jumanne, 13 Mei.
Nimekwenda mjini kwa mpiga chapa. Kanuni za simu, vifungu kumi na vitano, muhuri wa karakana yangu chini. Benite kasoma zote. Kisha kauliza, sauti ndogo, aliyekwisha kuona kitu cha kifungu cha tisa, yaani video za ukatili, anafanywaje. Nikamwonyesha cha kumi: adhabu. Akatia saini. Safi kabisa! Jioni hakugusa chakula.

Jirani Anouar, muuza vipuri, kajigamba kwamba binti yake Hayat alimsimulia video hiyohiyo siku ileile. Mwongo mkubwa.

Jumatano, 14 Mei.
Nimeitafuta video mwenyewe, nijue ninachokikataza. Mungu wangu! Nimeizima kabla ya katikati. Na simu, bila kuombwa, ikaniletea nyingine tatu! Nimeshona mkono wa gauni la kwaya mahali pa shingo. Yaani mtoto wangu aliona haya? Peke yake? Nimelia chooni. Aliporudi nikamuuliza kama kifungu cha tisa anakikumbuka. Akasema ndiyo, papa.

Alhamisi, 15 Mei.
Saa kumi, Benite hayupo! Nimekimbia hadi barabara kubwa, utepe wa kupimia shingoni. Nimemkuta wapi? Uani kwa Anouar! Anachambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Hayat na Soumaya, mke wa Anouar. Nikajibanza nyuma ya ukuta. Soumaya, macho kwenye ndagala, kamuuliza Benite taratibu nini kinamtia woga. Akaendelea kuchambua, akingoja. Na mtoto wangu akafunguka: “Mi sikuitafuta, mama Hayat. Ilikuya yenyewe. Na siwezi kumwambia papa, aliandika punition.”

Ile adhabu ya kifungu cha kumi! Mimi! Soumaya kamwambia kosa si lake, na kwamba yeye mwenyewe video kama hiyo iliwahi kumliza. Benite kalia, kisha kala sahani mbili. Nimeumia sana. Wivu pia, nakiri.

Ijumaa, 16 Mei.
Siri nimeigundua: ndagala! Nimenunua kilo mbili, nikamkalisha Benite mbele yangu, nikamkazia macho, nikamwambia aseme. Alichambua nusu ya rundo. Halafu, bila kuinua uso, akauliza kama mimi pia niliiona ile video, na kama niliogopa. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia sijaiona, na baba haogopi video. Akasema haya, papa. Akanawa mikono, akaenda kwa akina Hayat.

Consolée karudi, kauliza mazungumzo yamekwendaje. Nimemweleza ukweli: samaki walikuwa wadogo mno. Kesho nanunua mukeke, samaki wa ziwani mkubwa zaidi.