Rangi ya Uso wa Mzee Yona

Nimeumbuka leo, na nimeumbukia msibani. Mbele ya jeneza, mbele ya mchungaji, mbele ya mjane.

Naandika vumbi la makaburini likiwa bado kwenye viatu. Nitasimulia tangu mwanzo, bila kuruka kitu, ili atakayeipata habari hii kwa mtu mwingine ajue ipi ni kweli na ipi imeongezwa chumvi. (Itaongezwa. Mji wetu huu wa Shelui naujua.)

Asubuhi nilifungua studio kama kawaida. Sijamaliza hata kufagia, akaingia Naomi, binti mkubwa wa Mzee Yona. Mzee alifariki wiki hii hospitalini Dodoma, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kumzika kijijini kwake, nje kidogo ya mji.

"Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa, dada."

Akanipa simu. Kwenye kioo alikuwepo Mzee Yona mwenyewe siku ya kipaimara cha mjukuu wake: koti la kahawia, shati jeupe, tabasamu la mdomo uliofungwa. Naomi alitaka picha hiyo ichapwe kubwa, iwekwe kwenye fremu.

"Gari lililomleta liliharibika njiani, pale Mkiwa," akasema. "Mwili umechelewa sana. Wazee wamekaa, wameamua jeneza lisifunguliwe. Watu watamuaga kwenye picha."

Nikaanza kuihamishia picha kwenye kompyuta, naye akaendelea.

"Mama hakwenda Dodoma, miguu inamsumbua. Hajamwona tangu alipoondoka hapa. Anasema anataka kumwona kama alivyokuwa nyumbani, si kama alivyokuwa wodini. Kwa hiyo dada, hiyo picha ndiyo kila kitu."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Nitamtoa kama yuko hai."

(Ndiyo, nilimwambia hivyo mfiwa. Mdomo wangu huwa unanitangulia.)

Sasa, karatasi. Zile kubwa nilizozizoea zilikuwa zimekwisha, nikawa nimenunua aina mpya Singida mjini. Nzito, zinang'aa, nzuri kuzishika. Nikachapa ya majaribio. Mzee akatoka na uso wa zambarau iliyoiva.

Kwenye pakiti kulikuwa na kikaratasi cha maelezo. Kilisema, ili upate rangi sahihi, pakua mtandaoni profaili ya rangi ya karatasi hii, kisha isakinishe. Profaili ya rangi ni faili dogo tu. Kazi yake ni kuiambia kompyuta karatasi hii inapokeaje wino, ili kinachoonekana kwenye kioo kifanane na kinachotoka kwenye printa. Nikaipakua mara moja.

Isakinishe. Sawa. Wapi? Kikaratasi kikanyamaza.

Nikalibonyeza faili. Kompyuta ikaniuliza nilifungue kwa programu gani. Nikaliweka kwenye folda la nyaraka, nikafungua programu ya picha: halipo. Nikaliweka mezani, pale mbele kabisa kwenye kioo: halipo. Nikajaribu kulitia ndani ya folda la programu yenyewe, nikaulizwa kama nina mamlaka. (Kibanda changu, kompyuta yangu, umeme nalipa mimi, halafu naulizwa mimi ni nani!) Mwisho nikalitia kwenye flashi, nikaichomeka kwenye printa. Hilo nililifanya kwa moyo mweupe kabisa. Printa ikawasha taa nyekundu.

Naomi alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani. Simu yake iliita, akaikata. Ikaita tena.

Nikampigia Hamisi, fundi wa kompyuta wa Singida mjini.

"Hamisi, profaili ya rangi inawekwa wapi?"

"Wewe? Profaili? Si huwa unakadiria kwa jicho kama mpika chai?"

"Leo ni msiba, Hamisi."

Sauti ikabadilika. "Oh, pole. Hilo faili jina lake linaishia na nini?"

"Zip."

"Basi bado liko ndani ya gunia. Lifungue kwanza. Ukishalitoa, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua neno la kusakinisha. Kwisha."

Nikafanya. Kioo kikapepesa mara moja, basi. Hakuna ujumbe, hakuna kengele.

"Limekwenda wapi?"

"Limekwenda linakokwenda. Unalitakia nini?"

"Nataka kuliona kwa macho yangu."

Akashusha pumzi. "Fungua C. Ingia Windows. Ingia System32. Ingia spool, halafu drivers. Humo utaona folda linaitwa color."

"Mbona wamelificha hivyo?"

"Ili watu kama wewe msilifikie. Na kwenye printa zima marekebisho yake yote. Rangi aachiwe mmoja, wakiwa wawili wanaharibu."

Nikaingia, nikaingia, nikaingia. Lilikuwepo! Limekaa kwa utulivu katikati ya mengine, kama mbuzi uliyemtafuta kutwa ukamkuta zizini kwa jirani. Nikaifunga programu, nikaifungua upya, nikachagua profaili, nikazima marekebisho ya printa, nikachapa.

Picha ikatoka. Nikaiinua mbele ya uso wangu. Mzee alikuwa amepoa. Mashavu yana ubuluu, midomo ina majivu, kama mtu aliyelala nje usiku wa baridi ya mwezi wa saba. Naomi akainuka, akaja kusimama begani kwangu.

"Dada," akanong'ona, "mbona kama yuko wodini?"

Neno hilo lilinichoma. Nikaachana na kikaratasi, nikaachana na Hamisi, nikarudi kwenye jicho langu. Nikaongeza wekundu. Nikaongeza unjano. Nikachapa kipande kidogo, nikatazama, nikaongeza tena. Taratibu mzee akaanza kuamka. Joto likarudi mashavuni. Nilipochapa ile kubwa, Naomi aliitazama, machozi yakamtoka.

"Ndiye. Ndiye baba."

Nikaitia kwenye fremu, nimejaa fahari. (Kimya kimya, kwa heshima ya marehemu. Lakini fahari.)

Kwa kawaida mteja wa Shelui hachukui picha hivi hivi. Hutoka nayo barabarani, huiangalia juani, hurudi na kusema, "Punguza wekundu." Nami hupunguza. Ndivyo tunavyofanya kazi. Ila leo shangazi yake Naomi alipiga simu na kutoa agizo: picha ya marehemu isipite barabarani wazi, ifunikwe, ifunuliwe mbele ya jeneza tu. Naomi akaizungushia khanga mle mle ndani ya studio. Nikafunga mlango, tukapanda bajaji, nikaipakata njia nzima.

Tulikuta watu wamejaa. Wanawake chini ya turubai, wanaume kwenye mabenchi upande wa pili, kwaya imesimama. Jeneza lilikuwa katikati ya uwanja, juani, na kando yake meza yenye kitambaa cheupe. Tukaisimamisha fremu pale, bado imefunikwa. Mchungaji akasali, kisha akatangaza kwamba jeneza halitafunguliwa, na mjane ndiye atakayeanza kuaga.

Mama Naomi akaletwa, ameshikwa huku na huku. Kwaya ikaanza kuimba taratibu. Naomi akaondoa khanga.

Mzee Yona alikuwa wa rangi ya chungwa.

Sisemi mwekundu kidogo. Sisemi amependeza kupita kiasi. Nasema chungwa, kama soda! Masikio yanawaka. Shati jeupe limekuwa siagi. Koti la kahawia limekuwa la aina anayovaa mtu anayeongoza magari barabarani. Kwenye kwaya sauti moja ikapotea, ikafuata ya pili, mwisho akabaki mzee mmoja wa besi ambaye alikuwa amefumba macho.

Mama Naomi alitazama. Akasogea, akatazama tena. Kisha akauliza kwa Kinyiramba, kwa sauti ndogo ambayo uwanja mzima uliisikia:

"Huyu ni nani?"

Nilitamani wafungue jeneza niingie mimi.

Na hapo ndipo walipoingia kati watani, wale wenye haki ya kufanya mzaha msibani. Misiba yetu haiendi bila wao, na wa Mzee Yona ni Wanyamwezi wa upande wa Nzega. Tangu asubuhi walikuwa kazini. Mmoja alilala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Kiongozi wao, Mzee Maganga, alikuwa anazunguka amevaa koti la marehemu, amelivaa ndani nje. Akaja mpaka mezani, akainama, akakitazama kioo cha fremu kwa makini kama daktari.

"Jamani! Mlituambia mtani wetu kafa kwa ugonjwa. Mbona hapa ameiva?"

Uwanja ukapasuka.

"Nani kamkaanga?"

"Yule pale, mwenye studio!" (Sauti naijua. Nitaishughulikia kwa wakati wake.)

"Simama tukuone, mpishi!"

Nikasimama. Ningekaa wangenibeba.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Haya, tueleze. Umetumia mafuta gani?"

"Nimetumia profaili ya rangi," nikajibu. Kwa dhati kabisa. Mungu ndiye anajua kwa nini.

"Uliiweka wapi?"

"Kwenye System32."

"Basi nenda kaitoe huko haraka, mwenzako anaungua!"

Watu walishikana mabega. Mchungaji alikigeukia kitabu chake cha nyimbo, lakini kitabu kilikuwa kinatikisika.

Mama Naomi hakucheka. Alikuwa bado anaitafuta sura ya mumewe ndani ya ile fremu, jicho kwa jicho, shavu kwa shavu, na hakuwa akiipata. Nilipomwona hivyo aibu yangu yote ikawa kitu kidogo. Nilikuwa nimemnyima kitu kimoja tu alichokiomba.

Mzee Maganga naye alimwona. Akaishika ile fremu kwa mikono miwili.

"Usihangaike, mtani wangu," akamwambia, safari hii kwa upole. "Ni jua tu hili. Ngoja nimpeleke kivulini apoe."

Akatembea nayo mpaka chini ya turubai la wanawake, turubai kubwa la buluu, akaiweka juu ya kiti. Akageuka ili aendelee na utani wake. Lakini wanawake wa mbele walikuwa wameikazia macho picha. Kisha mmoja akapiga kelele, "Yona!", akaangua kilio.

Chungwa lilikuwa limeondoka. Kwenye mwanga ule wa buluu, Mzee Yona alikaa na weusi wake wa kawaida, shati lake jeupe na tabasamu lake la kufunga mdomo. Mama Naomi aliwaachia waliomshika, akaenda mwenyewe kwa ile miguu yake inayouma. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Ndiye," akasema. "Sasa ndiye."

Akalia. Naomi ameniambia hakuwa amelia tangu mwili ufike. Mchungaji akaagiza jeneza lihamishiwe turubaini, na watu wote wakapita humo kuaga, mmoja mmoja, hata Mzee Maganga, ambaye alilivua koti kwanza na kuligeuza likakaa vizuri.

Mimi nilibaki juani nikilikodolea macho lile turubai. Kwa sababu mbele ya studio yangu limetundikwa lingine kama hilo. Buluu. Nililiweka kiangazi kilichopita kuzuia jua, na mwanga wote unaoingia ndani unapitia humo. Kwa hiyo ile picha ya kwanza, iliyoonekana imepoa, ndiyo ilikuwa sahihi. Profaili ilikuwa mahali pake na ilifanya kazi yake. Nilimkaanga mzee wa watu kwa mikono yangu mwenyewe.

Baada ya maziko nilimfuata Mama Naomi.

"Shikamoo mama. Naomba unisamehe. Kesho nakuletea nyingine, nzuri."

"Marahaba, mwanangu. Ilete, nitaitundika ndani." Akaionyesha kwa kidole ile fremu. "Na hii usiichukue."

"Ya nini mama, na ilivyoharibika?"

"Siku nikikumbuka alivyokuwa akinikera, nitamtoa juani."

Hiyo ndiyo habari kamili. Utani kwenye msiba huu una wenyewe, na wametimiza wajibu wao vizuri sana. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ambaye si Mnyamwezi wa Nzega, tafadhali, funga mdomo.