Redio Inayoitikia Shikamoo

Jumanne, 1 Juni 1954. Nyarugusu.
Telegramu ya Bwana Cornel, mkuu wetu wa mauzo Mwanza. Walio mkiani Jimbo zima la Ziwa ni mimi na Marselino wa Rwamgasa. Jumamosi jioni mmoja anafukuzwa. Marselino ameuza redio saba na sasa amelazwa kwa malaria. Mungu ampe nafuu, Jumapili. Nikiuza nane nimepona. Mpaka leo sijauza hata moja. Mimi, Gelasius, niliyefika darasa la nane!

Sababu nimeipata. Mama Justina, mjane wa mchimbaji, aliisalimu redio yangu mara tatu. Ikaendelea kusoma bei ya pamba. Akasema hawezi kuweka nyumbani kitu kinachoongea na watu bila kuwasalimu. Wenzake wote wakaondoka naye. Niliudhika sana. Halafu akili ikanijia.

Jumatano, 2 Juni.
Nyuma ya kibanda changu kuna shimo la dhahabu lililoporomoka mwaka juzi. Mume wa Mama Justina hakutolewa. Limeachwa hivyo hivyo. Nimepitisha bomba kutoka mdomo wa shimo hadi chini ya meza ya redio. Maige, mchimbaji asiye na kazi, anakaa kwenye ngazi ya juu. Akisikia shikamoo, aitike marahaba. Basi.
Redio nne kabla ya adhuhuri. Najipenda.

Alhamisi, 3 Juni.
Tatu nyingine. Kisha Maige akatoka shimoni akiwa amepauka na kuacha kazi. Anadai kuna mtu chini yake anayeitika. Nikamwambia huo ni mwangwi. Akasema mwangwi haumtangulii mwenye sauti. Uvivu mtupu.

Ijumaa, 4 Juni.
Nilikusudia kufunga kibanda. Nilikwisha toa betri, na Maige alikaa mbele yangu akitafuna michembe ya viazi vikavu. Mama Justina akapita, akatoa shikamoo kabla sijamzuia.
Bomba likaitika marahaba. Likamwita Mama Justina. Likauliza kama ule mlango wa jikoni umeshatengenezwa.
Maige aliacha michembe yake na kukimbia. Mama Justina alikaa chini akalia, akajibu kwamba mlango bado. Niliogopa kweli, wala sioni aibu kuandika. Lakini alipoitaka redio nilimwandikia risiti, na inasomeka. Nane!

Jumamosi, 5 Juni.
Asubuhi Mama Justina ameirudisha. Nyumbani haimwitikii. Hataki redio, anataka bomba. Amelaza sikio juu yake tangu saa mbili, anacheka polepole, mara anasimulia habari za watoto. Sikuthubutu kumwondoa. Kwa hiyo nina saba, sawa na mgonjwa.

Saa nane mchana. Ameniita, anasema naulizwa mimi. Nimeinama. Sauti imenitaja kwa jina langu la utotoni, jina ambalo hapa sijamwambia mtu. Inauliza nitashuka lini.
Nilitaka kurudi kwetu Ushirombo, hata kwa miguu.

Halafu nikatulia. Mtu yuko peke yake, gizani, miaka miwili hana habari yoyote ya dunia. Na salamu anaitika mwenyewe, hivyo redio isiposalimu hatajali. Mteja wa namna hii Marselino angempata wapi? Maige amekataa kunishikia kamba, nimeifunga kwenye mguu wa meza. Betri nimerudisha. Nashuka sasa na redio ya nane na kitabu cha risiti.