Karani Erevu na Masikio ya Babu

"Kuanzia leo, foleni zimekufa!" alitangaza Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Vifaa Vijavyo, na foleni nzima iliyokuwa ukumbini ikampigia makofi.

Mamlaka hiyo ilikuwa na kazi nzito: kuhakikisha hakuna kifaa kinachofika wakati ujao bila kibali. Tayari ilikuwa imetunga kanuni za friji itakayomkumbusha mtu kwamba ameshiba, miwani itakayomficha mwenye nayo habari mbaya, na viatu vitakavyojua njia ya nyumbani hata mwenyewe akiwa ameisahau. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimebuniwa, jambo lililorahisisha sana usimamizi wake. Taabu ilikuwa kwa vifaa ambavyo tayari vipo. Hivyo vilikaa stoo, nyuma ya kaunta, vikisubiri kuainishwa.

Kimojawapo kilikuwa cha Babu.

Kilikuwa kifaa kidogo cha kusaidia kusikia, kimetumwa na mjomba aliye ng'ambo. Kwa kuwa kinaweza kuunganishwa na simu bila waya, Kamati ya Uainishaji ilikaa vikao mfululizo ikijiuliza kama ni simu, ni redio, au ni sikio. Kama ni sikio, je, lilipaswa kuingia nchini bila mwenyewe?

Suala hilo lilimuumiza Msomi kuliko mtu yeyote. Msomi lilikuwa jina alilobandikwa hapo hapo Mamlaka, kitengo cha habari, kwa sababu alikuwa ametoka chuoni juzijuzi na bado aliamini alichofundishwa. Babu ndiye aliyemlea. Zamani alikuwa fundi redio. Siku hizi aliwasha redio yake na kuweka kiganja juu ya spika, apate walau mtetemo.

"Wewe nawe," Mama Mihuri wa kaunta alimwambia mara nyingi. "Sema tu umetumwa na Mkubwa. Nani atakwenda kumuuliza?"

Kweli, ndivyo kaunta ile ilivyofanya kazi. Aliyekuja na haki yake mkononi aliambiwa mhusika katoka kidogo, mtandao uko chini, njoo kesho. Aliyenong'ona kwamba katumwa na Mkubwa alivutiwa kiti, akamiminiwa chai.

"Sitaki Babu yangu asikie kwa mlango wa nyuma," Msomi alijibu.

"Haya, mtoto wa watu. Basi aendelee kutosikia kwa mlango wa mbele."

Msomi alikuwa na tumaini moja: Karani Erevu. Hii ilikuwa mashine yenye kioo na sauti tamu, ambayo ingechukua nafasi ya makarani wote. Kwa msimu mzima iliwekwa kaunta ili ijifunze kazi kwa kuwasikiliza. Ilisikiliza kwa umakini ambao haujawahi kuonekana kwenye kaunta ile. Msomi aliandika taarifa ya uzinduzi kwa moyo wote: mashine haina ndugu, haina rafiki, haijui Mkubwa wala mdogo.

Na ili kuua rushwa kabisa, Mkurugenzi Mkuu aliongeza masharti mawili. Mlango wa stoo ungefunguliwa na mashine peke yake. Na mtumishi yeyote wa Mamlaka, awe nani, asiseme nayo hata neno. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka stoo simu yake mpya, inayokunjwa kama leso, ili akabidhiwe mbele ya kamera. Ndiyo iliyofungua gari lake na geti la nyumbani kwake. Funguo za kizamani alikuwa amezitupa asubuhi, mbele ya kamera vilevile.

Mteja wa kwanza siku hiyo ya uzinduzi alichaguliwa Babu, maana mzee hupendeza kwenye picha.

"Habari za leo, mwananchi," alisema Karani Erevu. "Mhusika katoka kidogo. Njoo kesho."

Babu akatabasamu. "Eh?"

"Njoo kesho."

"Eh?"

Mashine haikuwa imefundishwa habari za mtu asiyefukuzika. "Mtandao uko chini," ikajaribu.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," Babu akaiambia. "Masikio yangu mmeyafungia humo ndani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkurugenzi Mkuu akasogea mbele, akarekebisha tai.

"Karani, mpe mzee kifaa chake. Mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu."

"Lete barua kutoka kwa Mkurugenzi Mkuu."

"Nimekwambia ni mimi!"

"Basi barua haitakusumbua kuipata. Njoo kesho."

Waandishi wa habari wakainama kuandika. Mkurugenzi Mkuu akamgeukia Msomi. "Wewe! Fanya kitu!"

"Mkubwa, watumishi haturuhusiwi kusema nayo. Ulitangaza mwenyewe."

"Usiseme! Fanya!"

Msomi alimtazama Babu. Alikuwa amelaza kiganja juu ya kaunta, kama afanyavyo juu ya redio, akingoja mtetemo. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa sherehe rasmi, na utepe umekatwa. Msomi akachukua kadi ya mwaliko, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, akampa.

Babu akavaa miwani, akasoma kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "NIMETUMWA NA MKUBWA!"

"Oo, mzee wangu! Si ungesema mapema?" alisema Karani Erevu. "Karibu, keti. Chai unakunywa na sukari?"

Stoo ikalia *tak*, trei ikatoka na kifaa.

Kisha muuza makava ya simu mmoja kwenye foleni akapaza sauti: "Hata mimi kanituma Mkubwa!"

"Na mimi!"

"Mimi kanituma tangu mwaka juzi!"

Stoo ikalia tak, tak, tak. Haukupita muda ukumbi ukabaki mweupe. Foleni ilikuwa imekufa kweli, na waandishi wakaripoti hivyo.

Babu alivaa kifaa chake polepole. Alisikia feni. Alisikia viti vikiburutwa. Akamgeukia mjukuu wake. "Kumbe unalia kwa sauti," akasema.

Ilibaki simu moja.

"Umetumwa na nani?" Karani Erevu aliuliza.

"Mimi situmwi," alisema Mkurugenzi Mkuu, akitupia kamera jicho. "Mimi ndiye ninayetuma."

"Njoo kesho."

Jua lilikuwa linashuka, na gari lake limekaa nje, limejifunga. Mkurugenzi Mkuu alizunguka kaunta, akainama kwenye kiti cha Babu.

"Shikamoo, mzee wangu." Tangu ateuliwe alikuwa hajamwamkia mtu.

"Marahaba."

"Nina ombi dogo. Sogea pale, uiambie nimekutuma uchukue simu yangu. Neno moja tu, mzee wangu. Sina pa kulala."

Babu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini, bila kumkatiza. Kisha akapeleka mkono sikioni, akachomoa kifaa, akakifuta kwa pindo la shati na kukitia mfukoni.

"Eh?" akasema.