Ahadi Mbili kwa Vyuo Viwili

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimerudi kutoka Larkmoor. Mwendo wa saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Mama kwenye usukani, Bibi Halina nyuma akila karanga na kumlaani kila dereva wa lori aliyetupita. Haidhuru. Nimekiona chuo changu! Wanafunzi mia saba tu, ng'ombe wanachungulia kwenye uzio, na idara ya filamu inampa kila mwanafunzi mpya kamera wiki ya kwanza. Vyuo vikubwa unasubiri miaka miwili ndipo uguse kifuniko cha lenzi. Shida ni kwamba wa filamu wanachukua kumi na wawili tu kwa mwaka.

Inasemekana vyuo vidogo vinaandika pembeni nani ameonyesha hamu ya kweli. Basi nikauliza maswali. Kumi na tisa. Dada aliyetutembeza alikuwa anatembea kinyumenyume, kama wanavyofanya wote, ili atuangalie usoni anapoongea. Swali la kumi na tisa, kuhusu taa za studio, lilimkuta kwenye ukingo wa bwawa la bata. Maji yakamfika kiunoni. Akasema hamna shida, huku meno yanagongana. Mama hakuinua macho mpaka tulipofika kwenye gari. Angalau jina langu watalikumbuka.

Halafu nani namwona kwenye kundi lililofuata? Delphine Oyler, wa darasani kwangu! Eti Larkmoor ndiyo chaguo lake la kwanza. Filamu yake ya kuombea nafasi inamhusu mama mmoja wa hapa Toledo anayeendesha gari la kusukuma theluji, akiwa kwenye wiki yake ya mwisho kazini. Tulipoitazama darasani watu walilia. Mimi macho yaliniwasha tu, kulikuwa na vumbi.

Yangu ni nzito zaidi. Dakika tisa za mashine ya kufulia ikizunguka, nyeusi na nyeupe, bila muziki. Inahusu wakati. Dosari ni moja: dakika ya sita Bibi anaingia kuchukua soksi zake, anaiambia mashine asante, anatoka. Sikuwa na muda wa kurudia.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimeitwa na Bi Vandersloot, mshauri wetu wa shule. Ana wanafunzi mia nne na mmea mmoja uliokufa. Akanieleza habari ya kuomba mapema kwa ahadi. Unachagua chuo kimoja, unaahidi kwamba wakikuchukua unakwenda hapo na kwingine kote unajitoa. Unatia sahihi wewe, mzazi, na yeye. Vyuo vidogo vinawapenda sana wanaoahidi, na jibu linakuja kabla ya Krismasi.

Nikauliza kama mtu anaweza kuahidi mara mbili. Akavua miwani. "Tad, mwanangu, hii ni ndoa, si uchumba. Hao wa vyuo wanaulizana." Nikacheka kama mtu aliyetania.

Lakini nani wa kunihakikishia nafasi kumi na mbili akiwepo Delphine? Kuna Wexcombe pia, kule Pennsylvania. Hawagawi kamera, ila wana ukumbi wao wa sinema na chumba cha kurekodia sauti kilichofunikwa sufi ya kuzuia mwangwi ukuta mzima. Nikikosa vyote, nitabaki hapa nikipachika milango ya magereji na Mjomba Zenon, ambaye ameshaninunulia glavu. Nimeziangalia glavu zile. Nimekosa hata hamu ya kula.

Ijumaa, 1 Novemba

Imekwisha! Larkmoor nimeomba kwenye kompyuta, ahadi safi, sahihi zote halali. Wexcombe bado wanataka karatasi, wanajivunia ukale wao. Mama nimemwambia ni ruhusa ya safari ya makumbusho. Akatia sahihi huku anakaanga vitunguu. Bi Vandersloot nimemvizia wakati wa chakula, nikaichomeka karatasi yangu katikati ya rundo lake. Akasaini kumi na moja mfululizo bila kuacha kutafuna saladi.

Mipango ya watu wengine huharibika kwa sababu hawaiwazi mpaka mwisho. Mimi nimeiwaza.

Ijumaa, 13 Desemba

LARKMOOR WAMENICHUKUA!

Nimepiga kelele mpaka Bibi akaita zimamoto. Barua inasema kamati imeguswa sana na filamu yangu, "hasa yule bibi wa soksi." Hasa? Dakika tisa za wakati unaozunguka, wao wameona soksi. Nimemsomea Bibi. Akasema alijua, kwa sababu siku ile alikuwa amechana nywele.

Delphine amewekwa kiporo. Hajakataliwa, hajachukuliwa, asubiri hadi Machi. Shuleni alinipa mkono, akasema hongera sana, umestahili, na macho yake mekundu. Nilimwonea huruma karibu dakika mbili. Halafu nikafungua barua pepe.

Wexcombe nao wamenichukua.

Hili sikuwa nimeliwaza. Niliwaza kukataliwa huku na kupokelewa kule.

Jumanne, 17 Desemba

Bado sijachagua. Nikiwa bafuni namwaza Larkmoor na kamera yake. Nikitoka namwaza Wexcombe na sufi yake. Inabidi nimwandikie mmoja kwamba najitoa, lakini nimwambie sababu gani, wakati niliahidi? Kila siku nasema kesho. Mama, anayejua Larkmoor tu, ameshabandika stika yao kwenye kioo cha nyuma cha gari. Kila jirani akipita anasimamishwa aione.

Leo nimerudi kutoka shule nikakuta balaa. Wexcombe wametuma kifurushi: sweta, barua ya pongezi, na bango la kusimika uani. HAPA ANAISHI MWANAFUNZI WA WEXCOMBE. Bibi amekifungua. Bila miwani, kwake bango la chuo ni bango la chuo. Ardhi imeganda, lakini amelipigilia kwa nyundo ya babu marehemu, mbele kabisa, mita moja kutoka gari la Mama. Ningetaka mwenyewe kuviweka vile viwili kwenye picha moja nisingeweza kuvipanga vizuri zaidi.

Na aliyekuwa ng'ambo ya barabara na kamera yake, anapiga picha za theluji, ni Delphine. Akanipungia mkono. Nikampungia. Nikaling'oa bango, vibanzi vya mti vikanichoma vidole.

Alhamisi, 19 Desemba

Delphine ameniapia kwamba hakuelewa, na namwamini, hilo ndilo linaloniuma. Aliipenda tu picha: Bibi na nyundo, stika upande huu, bango upande ule. Mwalimu wa filamu aliipenda pia, akaitundika kwenye ukumbi wa shule. Kwa kweli mwanga umekaa vizuri sana. Bi Vandersloot aliipita mara mbili. Mara ya tatu akasimama.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema jina lake liko kwenye ahadi zote mbili, na mwakani kuna watoto mia nne wanaoitegemea sahihi hiyo iaminike. Akapiga simu mwenyewe, mimi nimekaa pale pale, kwanza Larkmoor, halafu Wexcombe. Dakika saba jumla. Vyuo vyote viwili vimenifuta.

Mama alikwangua stika kwa kisu cha siagi. Nililia ndani ya gereji kama mtoto, juu ya boksi la mapambo ya Krismasi, mpaka Bibi akaja kuchukua mapambo.

Jumanne, 24 Desemba

Mkesha wa Krismasi. Nyota ya kwanza ilipotoka tukakaa mezani, desturi ya kwao Bibi. Kabichi, samaki, pierogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, na kama kila mwaka sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Miaka kumi na saba sijawahi kumwona mgeni huyo. Leo mlango ukagongwa. Delphine, na sahani ya biskuti. Larkmoor walimpigia jana. Nafasi moja imepatikana.

Alisema hakutaka nisikie kwa watu. Bibi akamvuta mkono, akamketisha kwenye ile sahani. Amekula pierogi tisa. Mimi nilizihesabu.

Tulipomegeana kaki takatifu, kile kimkate chembamba cha mkesha, na kutakiana heri, Bibi alinishika shavu. "Mjukuu wangu, nakuombea mwakani useme kweli. Usijipe presha. Anza na Jumapili tu." Nikamwahidi kwa kutikisa kichwa.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimeamka na akili safi. Nimetafakari sana, nimejichunguza, nimeona nilipokosea.

Vyuo viwili ni vichache. Ukiwa na viwili, picha moja inatosha kukufunga. Mwakani nitaahidi vitatu, na bango lolote litakalokuja litakwenda kwa Mjomba Zenon. Nitakuwa nafanya kazi kwake baada ya shule kuanzia Januari, kwa hiyo ni rahisi.

Filamu pia nimeirekebisha asubuhi hii. Bibi nimemkata. Alikuwa anaondoa umakini kwenye mashine.