Maji Yapo Kwenye Tovuti

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba Idara ya Maji imeingia rasmi katika zama mpya za kidijitali, na kwamba mtaalamu mkuu wa zama hizo ni mimi. Nina umri wa miaka kumi na sita. Nalala kitanda cha juu, bweni la pili, na sijaoga tangu Jumapili.

Cheo hiki nilikipata kwa ushindani mkali. Kampuni zilizoomba kazi zilitaka kulipwa. Mimi nilitaka chakula cha mchana. Mjomba wangu, fundi wa kompyuta wa Idara, aliniombea ruhusa shuleni, akanipa mafunzo tukiwa bado ngaziani.

"Ukiulizwa, mjomba, sema ndiyo. Usipoulizwa, sema ndiyo."

"Na nikiwa sijui, mjomba?"

"Hapo sema ndiyo kwa Kiingereza."

Idara ilikuwa na mfumo mkubwa wa kuendesha tovuti, wenye uwezo wa kuhudumia shirika la watu elfu kumi. Ilikuwa ikiutumia kupakia picha za Mkurugenzi akikata utepe. Sasa Mkurugenzi alitaka plagini, yaani kijiprogramu cha kuchomeka ndani ya mfumo huo ili ufanye jambo ambalo haukuzaliwa nalo.

"Nataka ramani," alisema kwenye kikao cha mahitaji. "Kila kisima nilichozindua kiwe nukta ya kijani."

"Nani ataandika kisima kiko wapi, Mheshimiwa?"

"Asiandike mtu! Watu wangu wakiandika wanakosea. Mashine isome yenyewe kwenye picha."

Nikamweleza kwamba inawezekana kabisa, kwa sababu simu ikipiga picha huhifadhi humo humo mahali ilipopigwa. Mjomba akakohoa. Mkurugenzi hakusikia, alikuwa anachagua kijani. Mjomba akakohoa tena, akaambiwa akanywe maji. Hayakuwepo.

"La pili, isifutike," akaendelea Mkurugenzi. "Nisije nikastaafu, wakafuta mafanikio yangu."

"Hata wewe usiweze kufuta?"

"Hata mimi. Nani anafuta mafanikio yake mwenyewe?"

Ikaamuliwa kwamba nukta itafutwa na Kamati Kuu peke yake, wajumbe wote wakiwa wamekaa. Kamati Kuu ilikaa mara ya mwisho kuchagua rangi ya mapazia. Mjumbe mmoja amekwishafariki, na wa kujaza nafasi yake huteuliwa na Kamati Kuu, wajumbe wote wakiwa wamekaa.

Wiki hiyohiyo bwana afya aliingia bwenini kwetu, akatoka mbio, akapumua, kisha akatoa uamuzi: maji yapatikane kufikia Ijumaa, la sivyo shule ifungwe na wote tulale makwetu, watahiniwa wakiwemo. Mtihani wao ulikuwa Jumatatu. Mama Bweni, mlezi wetu, akapiga simu Idarani. Nilikuwepo, na Mkurugenzi alimjibu kwa spika ili tujifunze huduma kwa wateja.

"Mama, shule yenu ina kisima tangu mwaka jana. Kipo kwenye tovuti, na picha ipo."

"Kwa hiyo niwaogeshe watoto kwenye tovuti?"

"Tovuti ni bure, mama. Karibuni sana."

Uzinduzi ulikuwa Alhamisi asubuhi. Waandishi wa habari walikuja, kompyuta ikafungwa utepe, Mkurugenzi akaukata. Ramani ikafunguka ukutani, pana na nzuri, ikiwa na nukta moja.

"Mbona moja?" akanong'ona. "Visima vyangu ni tisa."

"Zimelaliana, Mheshimiwa," akasema mjomba kwa sauti ya msibani.

Mwandishi mmoja akaomba ramani ivutwe karibu. Nikaivuta, kwa kuwa nilifunzwa kusema ndiyo. Likatokea paa jekundu, bustani ya maua, na kisima kimoja kilichozungukwa na ukuta. Ukiziangalia vizuri zile picha tisa, utepe ulibadilika rangi kila mara, lakini mbwa aliyelala nyuma yake alikuwa yuleyule.

"Hapo si kwako, Mheshimiwa?"

"Ni... makao ya muda ya visima," akasema Mkurugenzi. Kisha akanigeukia. "Futa!"

"Kamati Kuu, Mheshimiwa."

Akaamuru umeme uzimwe jengo zima, na hilo lilitekelezwa kwa ufanisi mkubwa. Tovuti ilikuwa inakaa kwenye seva za mbali. Haikujua lolote.

Saa tisa alasiri tulikuwa getini kwake, shule nzima na ndoo, Mama Bweni mbele akiwa ameshika simu.

"Mna miadi?" akauliza mlinzi.

"Tuna kisima, mwanangu. Soma mwenyewe."

Mlinzi akasoma: jina la shule, picha, nembo ya Idara. Nyuma yetu walikuwa wakija watu wa zahanati na watu wa soko, nao simu mkononi. Akafungua geti, akasaidia hata kuvuta mpira wa maji.

Rafiki yangu Debe alikuwa wa kwanza kwenye mstari, ndoo chini ya mpira, maji yakitiririka, gari la Mkurugenzi lilipoingia. Mwenyewe alishuka kabla halijasimama.

"Nani kawaleta hapa?"

"Tovuti yako, baba," akasema Mama Bweni. "Ina kitufe kimeandikwa 'Nipeleke'. Tukabonyeza."

"Mimi niliagiza nukta! Nani kaweka kitufe?"

Mjomba, aliyekuwa ameshikilia bomba, akaanza kuchunguza mawingu. Debe akaniangalia. Bweni zima likaniangalia. Nimekaa bweni miaka mitatu, na najua jinsi unavyokamatwa: si na mwalimu, ni na macho ya wenzako.

"Mimi," nikasema. "Kitufe hakikuwa kwenye mahitaji. Na jana niliijaribu plagini kwa picha zako zote, nikaziona nukta zimelaliana, nikanyamaza."

"Utafukuzwa shule!"

"Inafungwa kesho, Mheshimiwa, ikikosa maji."

Akanisogelea hatua mbili, kidole mbele. Maji yakakatika.

"Nakiri yote," nikasema. "Nitaandika na maelezo. Ila samahani, Mheshimiwa, umekanyaga mpira."

Akaangalia chini, kisha akaangalia waandishi wa habari waliokuwa wanaingia getini na kamera zao. Akainua mguu.