Mshukiwa Mwenye Kwato Nne

Ilitangazwa rasmi, mbele ya kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, kwamba ulanguzi wa bhangi katika mji wa Bula Shurie umekomeshwa. Ulikomeshwa Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, na wananchi wakaombwa waendelee na shughuli zao.

Jumatano asubuhi walanguzi, ambao huenda hawakulisikia tangazo, walivuka mpaka na mizigo yao. Walipokutana na gari la polisi walilimiminia risasi, wakampiga Konstebo Abdub pajani, kisha wakatokomea vichakani. Punda wao hakutokomea. Alibaki barabarani na magunia yake mgongoni, akitazama huku na huku kama abiria aliyeachwa na basi.

Koplo Roba, mwenzake garini, alivua kilemba chake akamfunga nacho Abdub paja, akampeleka zahanati, akasubiri mpaka alipoambiwa kijana atapona. Ndipo akarudi kumchukua punda. Alimfunga nje ya kituo, chini ya mgunga, akaingia kuripoti kwa Mkuu wa Operesheni Maalumu, Bwana Mohamedamin, aliyeletwa kutoka Nairobi na ambaye kwake punda wote walikuwa punda mmoja.

Wakati huo Liban, muuza maji, alikuwa akipita na mkokoteni wake. Alimwona yule mnyama amelegea kwa joto, akasimama, akamtekea ndoo. Kule mnyama mwenye kiu haulizwi ni wa nani. Hunyweshwa kwanza, maswali yakafuata baadaye. Roba mwenyewe angefanya hivyo, ila damu ya Abdub ilikuwa bado mikononi mwake.

Mkuu aliyaona yote dirishani.

"Yule ni nani?"

"Ni Liban, bwana. Anauza maji."

"Anauza au anagawa?"

"Anauza, bwana."

"Mbona punda hajalipa?"

Roba alifikiri. Lilikuwa swali gumu.

"Hakuna mtu anayempa maji ya bure punda asiye wake," Mkuu alisema. "Huo ni ushahidi wa kimazingira wa daraja la kwanza. Kamata."

Liban akakamatwa, akashtakiwa kwa kumiliki punda kwa njia ya ndoo. Alhamisi angepelekwa Garissa, na kila mtu mjini alijua kwamba kesi ya bhangi na bunduki ikishafika huko, kurudi ni miaka. Mkewe Hibo alikuja kituoni na mtoto mgongoni, amebeba canjeera, chapati laini za Kisomali, na maziwa ya ngamia.

"Hii ya Liban," akamwambia Roba. "Hii ya yule amepigwa risasi. Na hii yako, adeer, ami yangu. Uso yako imechoka."

Roba alikula huku ameinamisha macho. Kumfungia mtu mume wake, kisha ukala chakula cha mkono wake, si jambo jepesi kumeza.

Alhamisi ilifika kamati ya usalama kutoka Garissa ikiongozwa na Bi Shukri, mama mfupi mwenye miwani na maneno machache. Wanahabari nao walikuja. Mkuu alieleza kwa kirefu jinsi mtandao wa kimataifa ulivyosambaratishwa na sehemu yake kubwa ikafungwa mgungani. Hibo akasimama.

"Punda zetu ni mbili, ziko nyumbani. Hii haijui hata mlango yetu."

Mkuu akatabasamu. "Tutamuuliza mwenyewe. Koplo, mfungulie. Punda hurudi kwao. Utaratibu huu unaitwa Utambuzi Shirikishi wa Makazi."

"Unaitwa hivyo tangu lini?" Bi Shukri aliuliza.

"Tangu leo, mheshimiwa."

Roba alifungua kamba. Nyumba ya Liban ilikuwa jirani na kisima, na punda huyu alikuwa hajanywa tangu asubuhi. Mnyama akanusa maji tu, Liban amekwisha. Roba akamkuna nyuma ya sikio. "Ndugu yangu," akamnong'oneza, "usituangushe."

Punda akaondoka, kamati ikafuata, na mji wote nyuma ya kamati. Kwenye njia panda alisimama, akageuzia masikio upande wa kisima. Hibo alishika mkono wa mwanawe. Punda akakojoa kwa utulivu, akashika njia ya kulia, akapita msikiti, akaingia mtaa wa nyumba za serikali.

"Amechanganyikiwa," Mkuu alisema. "Arudishwe aanze upya."

"Mwache," alisema Bi Shukri.

Punda akasukuma geti kwa paji la uso, akazunguka nyuma ya jiko na kusimama ubavu mlangoni pa stoo, kama anayengoja kupakuliwa. Mlinzi, mzee Alio, akatoka na karai la maji.

"Wewe ulikuwa wapi?" alimwambia punda. "Na leo bila mzigo? Mkubwa ameulizia tangu jana."

Hapo ndipo alipoinua kichwa akaiona kamati.

Stoo ya Mkuu ilipofunguliwa, yalikutwa magunia ndugu wa yale ya kituoni, yamepangwa vizuri kuliko faili. Bi Shukri alimgeukia Mkuu.

"Bwana Mohamedamin, punda huyu ni wa nani?"

"Mimi sijampa maji, mheshimiwa," alisema Mkuu. "Ni mlinzi. Na karai ni la serikali."

Jioni hiyo Liban alikula nyumbani kwake. Ijumaa Roba alifika zamu na kumkuta Mkuu selo, chini ya bati lililokuwa likichoma kama kikaango, midomo imemkauka. Hakuna aliyethubutu kumsogelea tangu alfajiri. Roba akajaza kikombe.

Kabla hajakipitisha kwenye nondo, akawaita askari wenzake wote waje washuhudie.

"Nampa maji," alisema, "lakini iandikwe kwamba huyu si wangu."

Kisha akampa. Mkuu akanywa yote, naye Roba akaenda kumjazia tena.