Ombi la Kurithi Magongo ya Protasi

Febronia Thobias,
Kitongoji cha Mlimani,
Kata ya Ntobeye, Ngara.

Kwa Ndugu Leonidas,
Mtendaji wa Kijiji.

YAH: KUOMBA NIPEWE MAGONGO YA PROTASI AKISHAPONA

Ndugu Mtendaji,

Kwa umri, wewe ndiye ungeniamkia, maana nina miaka arobaini na mmoja na wewe umetoka chuoni juzi. Lakini barua ikienda ofisini cheo hutangulia umri, kwa hiyo shikamoo. Natumaini u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima, kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji.

Naandika kwa heshima kutoa malalamiko yangu, na mwishoni ombi. Nimeyawekea namba ili yasikuchoshe.

1. Nina selimundu. Nimezaliwa nayo. Chembe za damu yangu zimepinda kama mundu, na zikikwama kwenye mishipa, mifupa huuma kama inayopondwa kwa mchi. Nakiri kwamba ugonjwa huu hauna adabu: hauachi kidonda, hauleti upele, haukohoi mbele za watu. Ngozi yangu ni laini, nimeirithi kwa marehemu mama, naomba radhi kwa hilo. Siku nyingine macho yangu huwa ya njano. Hayo kijiji kimeyaona, na kimeshapata jibu kwamba nazidisha pombe ya rubisi.

2. Kwenye mkutano ule wa mtaro wa bomba la maji, jina langu lilisomwa kati ya wazembe waliokosa kuchimba na wenzao kwenye msaragambo mara tatu. Nilinyoosha mkono nikasema naumwa. Ukaniambia, tena kwa upole, sikulaumu, "Mama, hebu simama watu wakuone." Nikasimama. Ukawageukia wananchi: "Jamani, huyu anaumwa?" Wakajibu kwa pamoja, "Haumwi!" Ndugu Mtendaji, nilipokuwa mtoto, madaktari walihangaika miaka sita, na damu yangu ikasafirishwa hadi Mwanza, ndipo wakajua ninachougua. Mkutano ulimaliza kazi hiyo kabla sijakaa, na bila sindano.

3. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na jembe langu. Unakumbuka ilikuwa asubuhi ya ukungu na manyunyu, na baridi ndiyo adui yangu wa kwanza. Nilichimba hatua nne nzuri kabisa. Mgambo akanisifu mbele ya watu, "Mnaona? Ni kujikaza tu." Kwenye hatua ya tano maumivu yaliingia nyongani, yakashuka magotini, yakapanda kifuani, nikakaa ndani ya mtaro niliouchimba mwenyewe. Watu wakadhani napumzika. Mdogo wangu Novatus ndiye aliyejua, kwa sababu nilikuwa nimenyamaza. Sisi wenye ugonjwa huu tukizidiwa hatupigi kelele, pumzi inatumika kwingine. Alinifunga kwa kitenge mgongoni kwake kama mtoto, tukapanda bodaboda.

Nililazwa siku tisa. Nilitundikiwa dripu, nikaongezwa damu, nikawekewa mashine ya kupumulia. Siku ya tatu nilimwita Novatus nikamwelekeza kahawa zangu zibaki kwa nani. Alilia. Nilimwambia asilie, kwani mkutano ulishasema siumwi.

4. Sasa nafika kwenye jambo lililonifungua macho. Nilirudi nyumbani nikiwa na bandeji ndogo mkononi, pale palipokuwa na sindano ya dripu. Ndugu Mtendaji, ile bandeji! Bibi mmoja wa njia panda, ambaye hajawahi kunipa pole tangu nizaliwe, alinishika bega akasema, "Pore sana mwanangu, mkono umepatwa na nini?" Nikaletewa maharage. Nikaletewa kuni. Kanisani walinisogezea benchi la mbele. Nilijaribu kuwaeleza kwamba mkono hauna shida, shida ni damu, wakanijibu, "Haya, haya, mkono utapona." Niliivaa bandeji hiyo wiki tano. Ilipochakaa nikachana shuka nikapata nyingine. Siku nilipoivua kuifua, nilikutana na watu wale wale, wakaniuliza mbona sionekani shambani.

5. Jirani yangu Protasi alianguka na baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi kwenye mteremko wa Mabawe, akavunjika mguu. Nampa pole, ni mtu mwema. Alifungwa plasta ngumu, akapewa magongo, na kijiji kizima kimempalilia shamba. Nilikwenda kumwona. Akanong'ona, "Febronia, mguu huu haujaniuma tangu wiki ya pili. Ila nikisimama bila magongo, mke wangu atanipeleka kwenye mihogo." Siku hiyo mimi nilikuwa na maumivu ambayo sitayaandika. Niliulizwa kama naweza kumtekea maji.

6. Hii nilikuwa nimeifuta, nimeirudisha. Dada yangu Priscila alikuwa na ugonjwa huu huu. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye meno yaliyomfanya kila mtu atabasamu. Shuleni walimchapa kwa uvivu. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa. Watu walijaa msibani, na wote walisema neno moja: "Lakini alikuwa mzima!" Walisema hivyo mpaka jeneza lilipofunikwa. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena kwamba aliumwa. Mimi ningependa kukubaliwa mapema kidogo.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo.

Kwanza, Protasi akishapona, magongo yake yasirudishwe bali nikabidhiwe mimi kwa maandishi. Sina haja nayo kutembelea. Nina haja nayo kuaminiwa.

Pili, kwa kuwa siko peke yangu, yapangiwe zamu. Zulfa, anayetuletea vitenge kila siku ya gulio, ana kisukari. Mwezi wa Ramadhani sukari ilimshuka, akaonekana akinywa juisi nyuma ya marobota, na mpaka leo anasemwa. Angekuwa na magongo, hata mashehe wangemshikia chupa. Mimi naomba Jumatatu hadi Alhamisi, yeye achukue siku zilizobaki.

Tatu, iwapo magongo hayatatosha, naomba serikali ya kijiji iruhusu kila mgonjwa asiyeonekana avunjwe kiungo kimoja kidogo, kwa hiari yake, pale zahanati, na mtu mwenye cheti. Kwa upande wangu napendekeza kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Nimekichunguza, sioni kazi kinayofanya. Maumivu yake hayanitishi hata kidogo, nimeshazoea makubwa zaidi, na faida ni kwamba haya yatakuwa na kitu cha kuonyesha watu.

Nne, na kama yote hayo yatakuwa magumu, basi siku nikisema naumwa, unijibu "Pole, mama," na usinisimamishe. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu naona ndilo litakalohitaji vikao vingi.

Naomba radhi kwa urefu wa barua. Mikono ikiacha kuuma huwa naandika sana, kufidia. Nisalimie mkeo na watoto, wajumbe wote wa serikali ya kijiji, na mgambo mwenye sauti nzuri ya kusomea majina. Wasalimie pia wazazi wako Nyamigogo ukipanda basi kwenda Biharamulo. Waambie kijana wao anafanya kazi kwa bidii na anaonekana mwenye afya.

Ni mimi mwananchi wako, mgonjwa wa muda wote,

Febronia Thobias

N.B. Aliyekuletea barua hii ni Kezia, mke wa Novatus. Atakuomba umwondoe kwenye msaragambo wa Jumamosi. Anadai kwamba kila mwezi tumbo humkata hadi anazimia, eti ilianza akiwa darasa la saba, na zahanati hawaoni kitu. Nilimwambia asimame nimtazame. Nimemtazama mbele na nyuma, amenawiri vizuri, na amepanda mlima kuja kwangu na ndoo ya maji kichwani. Mimi mgonjwa nawajua wagonjwa. Usikubali, Ndugu Mtendaji. Huyu haumwi.